Muuza Kadi za Kambi Atanitambua

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa samaki kabla halijakufikia, pole. Nakukumbusha kwa kifupi, halafu turudi vitani.

Mimi ni Colby Vander Ploeg. Naishi na bibi yangu Lorene ndani ya gari-nyumba, yaani nyumba kamili yenye kitanda, jiko na choo, ila ina injini na magurudumu. Tulitoka Iowa kwa sababu mapafu ya bibi yaligoma na baridi. Daktari alimwambia akapitishe kipupwe Arizona kwenye hewa kavu, na kila akilala awe na mashine ya oksijeni puani. Mashine inataka umeme. Umeme uko kwenye kambi za magari. Na kambi zinataka hela.

Ndipo akajitokeza Garland Pruett, mwanamume wa buti zinazong'aa kuliko meno yake, na kadi ya Klabu ya Mbayuwayu mkononi. Nusu bei, kambi zote za klabu, mpaka kufa. Bibi akamkabidhi akiba aliyoachiwa na babu.

Kambi ya kwanza wakatuambia kadi haitumiki mwisho wa wiki. Ya pili wakatuambia haitumiki msimu wa baridi, yaani haitumiki wakati ule ule ambao mwenye akili timamu anakuja Arizona. Ya tatu ilikuwa Paloma Dorada, makao ya Garland mwenyewe. Mama wa getini hata hakuishika kadi. Alilitazama gari.

"Hili la mwaka gani?"

Nikamwambia.

"Basi hapana. Gari lililozidi miaka kumi haliingii hapa. Linaharibu sura ya kambi."

Nilipokuacha nilikuwa pale getini, naapa mbele ya maua ya watu kwamba Garland Pruett atanitambua. Sasa sikiliza jinsi alivyoanza kunitambua, na jinsi nilivyokaribia kujitia kitanzi kwa mkono wangu.

Tulirudi jangwani. Kule ni ardhi ya serikali, unaegesha kati ya mawe na miiba, hulipi kitu na hupewi kitu. Mashine ya bibi tuliiendesha kwa jenereta ya babu, ambayo ilikuwa inakohoa kumshinda mgonjwa mwenyewe. Haikupita muda ikazima moja kwa moja.

Bibi akaitazama.

"Imetangulia," akasema. "Angalau mmoja wetu kapumzika."

"Bibi, usitanie hivyo."

"Nitanie vipi sasa? Utani mrefu unanipalia."

Kesho yake aliamka macho yamevimba, midomo haina rangi. Akavaa koti, akachukua funguo za gari.

"Kuna mtu kanipa mahali pa kuchomeka mashine," akasema. "Naondoka na gari. Wewe kalale kwa Orrin."

"Mtu gani?"

"Rafiki."

"Rafiki gani? Huku jangwani rafiki zako ni mimi na kenge."

"Wewe umekuwa polisi lini?" Akapanda, akawasha injini, akaliondoa lile gari kama alivyokuwa akiendesha mashine ya kuvunia mahindi, bila kuangalia nyuma.

Orrin Stubbe alikuwa jirani yetu pale jangwani, mzee mjane, dereva mstaafu wa malori. Gari-nyumba lake lilikuwa jipya mpaka viti bado vina nailoni. Ukikaa vinalia kama umekalia bata. Usiku huo tulikula maharage ya kopo, nikamtolea yote ya moyoni. Kumbe na yeye alikuwa na kadi ya Mbayuwayu. Nikadhani nimepata mwenzangu wa kulaani naye.

"Mimi kadi hii imenilipa," akasema, huku anafuta sahani kwa mkate. "Imerudisha gharama yake zamani sana."

Nilitaka kumnyang'anya maharage.

"Sikiliza, kijana. Mimi natembea katikati ya wiki. Silali mahali zaidi ya siku mbili, maana siku ya tatu majirani wanaanza kunizoea na kuniomba spana. Kiangazi niko Montana. Kipupwe nakaa hapa bure. Gari langu jipya, hakuna geti la kulikataa. Kwa mtu kama mimi, ukikosa kadi hii umejipunja."

"Na kwa mtu kama bibi?"

Akaacha kufuta sahani.

"Bibi yako anataka kutulia sehemu moja msimu mzima. Kadi hii ni ya watu wanaohama. Kumuuzia yeye ni sawa na kumuuzia mwenye upara kitana." Akanitazama. "Garland alimuuliza maswali kabla ya kumuuzia?"

"Alimuuliza kila kitu. Mapafu, mashine, tutakaa muda gani. Hata gari aliuliza la mwaka gani. Akalipiga teke tairi, akasema, gari zuri hili, mama."

"Basi alijua," Orrin akasema.

Msomaji wangu, mpaka hapo nilikuwa nimekasirika tu. Mtu akikukanyaga kwa bahati mbaya unakasirika. Lakini huyu alikuwa ameangalia chini kwanza, akauona mguu, akachagua kisigino.

Sikulala. Nilimtengenezea Garland adhabu za kila namna kichwani. Nimfunge kwenye mpungate wenye miiba. Nimfungulie bomba la choo cha gari ndani ya buti zake. Asubuhi nilikuwa na mpango mzuri kuliko yote.

Kila Jumamosi Garland huandaa kifungua kinywa pale Paloma Dorada. Ukitaka kuonja uanachama, unaingia na gari lako la aina yoyote, unalala siku mbili bure, umeme na maji, unakula pankeki na soseji. Malipo yake ni kumsikiliza yeye mpaka kahawa ipoe. Umeelewa? Ambaye hajanunua anapewa kila kitu, hata mwaka wa gari lake hauulizwi. Aliyekwisha kununua anaonyeshwa barabara.

"Nipeleke," nikamwambia Orrin. "Sema mimi ni mpwa wako, unataka kuninunulia kadi."

"Utampiga?"

"Nimpige niende jela? Nitamuuliza maswali. Kadi inatumika Jumamosi? Inatumika Januari? Gari la miaka mingapi? Kwa upole kabisa, mbele ya wateja wake wote. Nataka nimvue suruali kwa mdomo wake mwenyewe."

Orrin alifikiri, viti vyake vikilia chini yake.

"Pankeki zao ni nzuri," akasema. "Twende."

Jumamosi ilipofika nilinyoa ndevu, zile ambazo bibi huziita ukungu wa mkate, nikavaa kofia ya Orrin. Pale getini alikuwa mama yule yule. Alipoona gari la Orrin linavyometa, alitabasamu mpaka nikaona jino la nyuma.

"Karibuni sana. Na huyu kijana mtanashati?"

"Mpwa wangu," Orrin akasema. "Hana akili sana, lakini kula anajua."

Tulipoegesha, nikatoka kuutupa mfuko wa taka. Mapipa yalikuwa nyuma ya nyumba ya kufulia, nyuma ya ua mrefu wa maua ya waridi. Nikazunguka ua.

Gari letu lilikuwa pale.

Limefichwa kati ya mapipa na ukuta, mahali ambapo mgeni hawezi kuliona. Waya mnene wa njano ulitoka ubavuni mwake mpaka kwenye nguzo ya umeme. Na mlangoni, amefunga aproni ya njano yenye picha ya mbayuwayu, amekaa Bibi Lorene, ana rangi nzuri usoni, anakunywa kahawa.

"Umenyoa," akasema. "Nilijua chini yake kuna mtu."

Mfuko wa taka ulinidondoka.

"Bibi, unafanya nini hapa?"

"Kazi. Nagawa kahawa siku za Garland, naongea na wageni. Wananipa nguzo."

"Unamfanyia kazi Garland Pruett. Yule yule."

"Kwani kuna mwingine? Nilimpigia simu ofisini kwake nikamwambia nitakufa jangwani na nitakufa nikilitaja jina lake. Akafikiri, akasema kuna nafasi nyuma ya kufulia."

"Na hao wageni unawaambia nini?"

Akatazama ndani ya kikombe.

"Nawaambia nina kadi ya Mbayuwayu. Si ninayo? Nawaambia nalala Paloma Dorada. Si nalala? Wakijumlisha vibaya, hesabu ni zao."

"Bibi, huo ni uongo uliovaa aproni."

"Na wewe hiyo kofia umevaa ya nani?"

Nikaishika kofia ya Orrin. Akaninyooshea mkono, nikaenda nikakaa kwenye ngazi chini yake, kama nilivyokuwa nakaa nikiwa mdogo.

"Nimelala, Colby," akasema polepole. "Usingizi wenyewe. Tangu babu yako afariki sijalala hivi. Najua umekuja kufanya fujo, uso wako tangu mtoto haufichi kitu. Ukimharibia Garland, jioni hii waya huu unatoka. Nirudi wapi? Kwa kenge?"

"Kakuibia, Bibi."

"Kaniibia. Na mimi nitamdai siku yake. Lakini nimdai nikiwa napumua. Niahidi utakula pankeki na kufunga mdomo."

Nikaahidi, shingo upande. Na wewe ungeahidi.

Ukumbi ulijaa wazee waliokimbia kipupwe, kofia na magongo, harufu ya soseji na shira. Mimi na Orrin tulikaa meza moja na mume na mke kutoka Nebraska, Verlin na Maxine. Maxine alikuwa na nyonga mbovu. Verlin alikuwa na kalamu mkononi tayari, kama mwanafunzi aliyesoma sana.

"Tunataka mahali pa kutulia mpaka Machi," Maxine akaniambia. "Tumechoka kuhamahama. Nyonga yangu inahesabu kila shimo la barabarani."

"Gari lenu ni lipi?" Orrin akauliza, na kunikanyaga chini ya meza.

Verlin akaonyesha dirishani kwa fahari. Lilikuwa gari safi, limepigwa polishi kama kiatu cha harusi. Nadhani lilinizidi umri.

"Zuri," nikasema. Nikajaza pankeki mdomoni.

Garland akapanda jukwaani, kipaza sauti mkononi. Jamani, yule mtu anajua kuongea. Aliongea kuhusu uhuru, machweo, wajukuu. Aliongea kuhusu nusu bei mpaka ukaona ukinunua vya kutosha utatajirika. Neno Jumamosi halikutoka. Neno kipupwe halikutoka. Miaka kumi haikutoka hata kwa chafya.

"Lakini msinisikilize mimi, mimi ni muuzaji," akasema, na watu wakacheka. "Msikilizeni mwanachama. Mama Lorene, hebu wasalimie."

Bibi akainua birika la kahawa kutoka pembeni.

"Nina kadi," akasema. "Nalala hapa."

Wakapiga makofi. Verlin akafungua kalamu.

Nilikaza meno. Orrin akaniinamia. "Wewe mbona bubu? Tulikuja kula tu?"

"Nimeahidi."

"Umeahidi nani?"

"Mwenye birika."

Orrin akamtazama bibi, jirani yake wa jangwani, akanitazama mimi, akaelewa. Akaacha kutafuna.

Garland sasa alikuwa anapita meza kwa meza, anagusa mabega. Akafika kwetu. Akaniinamia kama anaokota kijiko, harufu yake ya manukato ikanijaa puani.

"Umenyoa, Colby. Imekupendeza," akaninong'oneza. "Ile nguzo ya nyuma ya kufulia, swichi yake iko ofisini kwangu. Kula, mwanangu. Kula ushibe."

Akanyooka, akampa Verlin tabasamu.

"Tayari, bwana?"

"Karibu tayari," Verlin akasema. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akanigeukia mimi. "Kijana, wewe una macho ya msomi. Na wewe unanunua?"

Meza za jirani zikageuka kusikia jibu. Garland aliweka mkono begani mwangu, mzito kama mfuko wa saruji.

Neno moja tu lilikuwa limebaki kati yangu na Garland, na neno hilo lilikuwa tamu mdomoni kuliko shira. Nikatazama pembeni. Bibi alikuwa ananitazama. Nikaona waya wa njano. Nikaona midomo yake kule jangwani.

"Mimi," nikasema, "bado nafikiri."

Huo ndio ushujaa wangu. Nimekuandikia bila kuongeza.

Maxine akamshika mumewe mkono. "Saini tu, Verlin. Yule mama wa kahawa mwenyewe anakaa hapa. Mwangalie alivyo na amani."

Birika likawekwa mezani kwa kishindo.

Bibi alikuwa anafungua aproni. Aliikunja mara mbili, akaiweka juu ya soseji. Akaja mpaka kwenye meza yetu, taratibu, anapumua kwa mdomo.

"Bibi, umeniambia nifunge mdomo," nikamnong'oneza.

"Wewe, ndiyo. Mimi sikuahidi mtu." Akamnyooshea Garland mkono. "Nipe hicho cha kusemea."

"Mama Lorene, kahawa kule imekwisha," Garland akasema, bado anatabasamu.

"Garland, nipe, ama niseme bila hicho. Nilikuwa naita ng'ombe shamba zima."

Ukumbi ulikuwa unatazama. Akampa.

Bibi akaniinamia. "Wewe nenda nje. Kautoe waya wangu kwenye nguzo sasa hivi, kwa mkono wako, uuviringe vizuri kama babu yako alivyokufundisha. Sitaki mtu wa huyu auguse. Ukisikia nimemaliza, washa injini."

"Halafu tutakwenda wapi?"

"Nimekutuma, sijakuita mkutanoni."

Nikatoka mbio. Nyuma yangu spika ikakwaruza. Kambi nzima ina spika, hata ukutani pale kufulia, za kutangazia mashindano ya bingo, kwa hiyo sikupoteza neno.

"Naitwa Lorene Vander Ploeg," sauti ya bibi ikasema juu ya mapipa. "Nina kadi na nalala hapa, ila silali kwa kadi. Nalala kwa kuwamiminia kahawa na kuwadanganya. Mwenye gari lililozidi miaka kumi anyooshe mkono."

Ukaja mnong'ono, kama mvua inakuja.

Nikafika kwenye nguzo. Nikashika plagi kwa mikono miwili, nikavuta. Ikatoka. Taa ndogo ya kijani dirishani mwa gari letu ikazimika. Nikaanza kuviringa waya begani, mzunguko juu ya mzunguko, na nakiri kwamba nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

"Wengi," bibi akasema. "Basi mkishanunua, geti hilo halitawafungulia. Na Jumamosi pia. Na kipupwe pia. Verlin, funika kalamu yako. Orrin pale kadi inamfaa, maana hatulii kama nzi. Sisi wa kutulia imetukaanga. Garland, uliniuliza gari langu la mwaka gani kabla hujachukua hela ya marehemu mume wangu. Waambie nilikujibu nini."

Spika ikakwaruza tu.

"Waambie, Garland. Watu wana—"

Akakohoa. Nikasubiri amalize. Hakumaliza. Kikohozi kiliingia ndani, kikaenda chini, kikageuka mluzi mwembamba. Kisha ukaja mlio wa chuma kupiga sakafu, na viti vingi kuburuzwa kwa pamoja.

Nilikuwa bado nimesimama pale na waya wote begani waliponitokea kwenye pembe ya ua. Mbele alikuwa Garland Pruett, hana kofia, anakimbia kwa buti zake, amembeba bibi yangu mikononi. Nyuma yake Orrin, na nyuma ya Orrin ukumbi mzima, magongo na yote, mtu na soseji yake kwenye uma.

"Rudisha waya," Garland akasema. Sauti yake haikuwa ya jukwaani. "Colby, chomeka, swichi sijagusa. Anaishiwa pumzi. Chomeka, mwanangu, nakuomba."

Msomaji, niliitaka siku hiyo. Nilitaka anisihi mbele ya watu, na sasa alikuwa ananisihi, jasho likimtoka.

Nikaishusha mizunguko begani, nikaishika plagi, nikageukia nguzo. Kabla sijaichomeka nikamtazama bibi. Midomo yake ilikuwa imerudia ile rangi ya jangwani. Mkono mmoja unaning'inia. Lakini jicho lake moja lilikuwa wazi kabisa, limenikazia mimi, na juu ya mkono wa Garland kichwa chake kikatikisika. Kushoto. Kulia.

Nisichomeke. Swali lake Garland alikuwa bado hajalijibu.

"Colby," Garland akasema.